Kisanduku cha Nne

Jumatatu saa saba kasorobo, mapokezi yakiwa matupu, Mwongeli alifunga barua za ofisi kwenye kompyuta yake na kufungua ukurasa aliokuwa akiujenga. Ulikuwa ukurasa wake wa kwanza. Kwa wiki sita alikuwa amejifunza kwa video za simu, chapati mkono wa kushoto, mkono wa kulia ukiandika maagizo. Kiragu, mwenye kampuni ya walinzi, aliposikia hayo alimwambia aitengenezee kampuni tovuti, ili asitafute mtu wa nje. Mpango ulikuwa mwepesi: juu jina la kampuni, katikati visanduku vitatu vya picha vilivyopangwa sambamba, chini nambari za simu. Picha zilikuwa za gari la doria, mbwa, na jengo lao la Westlands.

Aliandika agizo la mwisho, akahifadhi, akafungua ukurasa upya. Visanduku vilikuwa vinne. Katika cha nne alisimama Muema, amevaa sweta ya kampuni, rungu kwapani, akipumua.

Muema, mlinzi wao, alikuwa amefariki mwezi wa Mei, huko Lavington, geti la mteja lilipotoka kwenye reli na kumwangukia. Mwongeli alidhani amesahau kufunga kisanduku mahali fulani, kosa ambalo mwalimu wa video alisema huwapata wanaoanza, kwa hiyo akapitia mistari yake mmoja mmoja. Hakukuwa na kosa. Aliandika agizo la kukificha kisanduku cha nne. Kikafichika, kikaacha nafasi tupu, na baada ya dakika moja Muema akaingia tena kutoka upande wa kulia, kama mtu aliyekuwa ametoka kwenda msalani.

"Sasa, Mwongeli," alisema kupitia spika ndogo ya kompyuta.

"Poa, Muema. Uko aje?"

"Niko. Ile barua ilirekebishwa?"

Mwongeli alisema bado.

Barua hiyo ya kukataa kulipa fidia aliipiga chapa Mwongeli mwenyewe, Kiragu akiitamka huku akitembea nyuma ya kiti chake. Ilisema kwamba saa ya ajali marehemu alikuwa ameacha lindo kwa hiari yake, na kwa hivyo hakuwa kazini. Kitabu cha matukio cha geti lile kilikuwa kimeandikwa mara tatu, kwa mkono wa Muema, kwamba gurudumu la geti limelegea. Mwongeli alikisoma kabla hakijachukuliwa. Alipofika kwenye neno "hiari" vidole vyake vilisita. Kiragu alidhani hajalisikia, akalirudia herufi kwa herufi.

Jioni alimwonyesha bosi ukurasa.

"Imetoka poa," Kiragu alisema akiinama. "Lakini si nilisema picha tatu?"

"Nimeweka tatu."

"Na huyu?"

"Ni Muema. Amekuja mwenyewe."

"Habari ya jioni, bosi," Muema alisema.

"Mzuri." Kiragu alimwangalia kuanzia kofia hadi viatu. Viatu vilikuwa vimepigwa rangi. "Mwache hapo. Anakaa kama soja wa kweli. Chini yake andika: Tuko macho saa zote."

Tovuti ilianza kazi Jumatano. Kwenye simu, ambako kioo ni chembamba, visanduku hujipanga kimoja juu ya kingine. Mwongeli alikuwa ameagiza gari litangulie, lakini kila simu ilimleta Muema kwanza. Wateja walimpenda. Walipiga kuuliza kama walinzi wote wana utulivu ule. Mama mmoja wa Lavington alitaka apelekewe Muema mwenyewe. Mwongeli alimweleza kwamba alifariki, na mama yule akasema ni sawa, basi aletewe anayefanana naye.

Kanini, mjane wa Muema, alikuwa msusi Kenyatta Market. Mteja wake alikuwa akipekua simu huku akisukwa, na Kanini akamwona mumewe juu ya bega la mteja. Alimaliza mistari miwili iliyobaki, akanawa mikono, akaja Westlands na nyuzi za nywele bado zimemganda kwenye sweta.

"Nimekuja kumwona Baba Carol," alisema.

Mwongeli alimgeuzia kioo cha kompyuta na kumvutia kiti. Kanini alimwambia mumewe kwamba binti yao Carolyne ameingia kidato cha pili na kwamba bomba la maji la ploti wanayoishi limetengenezwa. Kisha akasema, "Wanasema hukuwa kazini. Mama yako ameacha kwenda kanisa juu ya hiyo maneno. Wanauliza kama uliacha geti, ulikuwa umeenda kwa nani."

"Nilikuwa getini."

"Mimi najua." Kanini alimgeukia Mwongeli. "Dada, si wewe ndiye unaandika hapa? Andika basi."

Kanini alipoondoka, Mwongeli aliandika chini ya kisanduku, kwa herufi ndogo: Muema Nthiwa, alifia kazini. Maneno hayo yalikaa dakika arobaini. Kiragu alitoka chumbani mwake simu ikiwa mkononi, wala hakupaza sauti.

"Hii uliandika ni wewe ama ni yeye?"

Mwongeli alifikiria chumba chake cha Kangemi, na mdogo wake anayelala humo, na jinsi alivyozunguka miezi minane kabla ya kuipata kazi hii.

"Ni makosa ya kujifunza," alisema.

Alifuta. Muema alimtazama akifuta neno baada ya neno. Siku iliyofuata Mwongeli hakula chapati yake, na hata iliyofuata.

Kanini akawa anakuja kila Jumanne, siku ambayo soko huwa na wateja wachache. Hakuuliza yale maneno yalienda wapi. Jumanne ya nne alisogeza uso karibu na kioo.

"Amebanwa," alisema. "Na amesimama tangu ile siku."

Mwongeli aliongeza kimo cha kisanduku pikseli mia mbili na upana pikseli themanini. Muema alitazama huku na huku, akalaza rungu, akakunja magoti taratibu, akaketi. Alinyoosha miguu. Kanini alikaa naye hadi saa tisa.

Asubuhi Kiragu alisimama mbele ya meza ya mapokezi.

"Soja hakai. Wateja watasema tunalala kazini. Mrudishe vile alikuwa."

Mwongeli alirudisha nambari za zamani. Kabla hajahifadhi, Muema alikuwa ameshainuka, anapangusa suruali.

"Pole," Mwongeli alinong'ona.

"Ni kazi tu," Muema alisema.

Simu ya mezani ililia. Mteja mmoja alikuwa ameona ukurasa na alitaka kujua kama yule mlinzi wa kwanza huwa anapumzika.

Mwongeli alimwambia hapumziki.