Vipande vya Meziane

Saa kumi na mbili kasorobo jioni, Nna Ferruja alimaliza kusuuza vikombe vya waliokuja kumpa pole, akaketi mkekani mbele ya televisheni. Mwanawe Meziane alikuwa akizikwa Montreal, ambako adhuhuri ilikuwa ndiyo kwanza imeingia. Mama alitaka jambo moja tu: auone uso kabla haujafunikwa. Miaka sita nyuma, Meziane alipoondoka, mama ndiye aliyemwambia asirudi tena. Hakumaanisha, ila hakuwahi kumwambia kwamba hakumaanisha.

Bintiye Lunja, mwalimu wa shule, ndiye aliyepanga mazishi yarushwe moja kwa moja mpaka kijijini. Laini ya intaneti hushuka kijijini kutokea Mtaa wa Juu, ambako wamezoea kupata kila kitu kwanza, na ikifika Mtaa wa Chini imeshakuwa uzi. Kwa hiyo picha ingekatwa vipande. Kila nyumba ingepokea vyake na kuwagawia jirani, mpaka wote wapate picha nzima, kama chakula cha matanga ambacho hakuna nyumba inayokipika peke yake.

Kwa Nna Ferruja kilifika kiatu cha mtu na pembe ya dari, basi. Laini ililemewa. Majirani walipoona hivyo wakavileta vipande vyao kwa miguu.

Wa kwanza alikuwa Uardia, na sinia lililofunikwa kitambaa cheupe. Ndani yake mlikuwa na mkono wa kulia wa Meziane, wenye kovu la mundu.

"Umefika kwangu, dada. Nikaona si vizuri kukaa nao."

"Wewe sasa utabaki na nini?"

"Ninao mwingine uleule pale nyumbani. Haupungui ukigawa."

Nna Ferruja aliupokea kwa mikono miwili. Ulikuwa wa baridi. Baadaye kikaja kifua, ikaja miguu, na sauti ya imamu ikaletwa ndani ya sufuria na mzee aliyeomba wasiifunue kabla ya takbira. Vyote vilipangwa mkekani kwa utaratibu wake. Uso haukuwepo.

Lunja alitazama kwenye kompyuta yake. Uso ulikuwa kwa Dda Belaid, nyumba ya kwanza Mtaa wa Juu. Yeye alikuwa akipokea kila kitu, lakini upande wa kutoa alikuwa ameufunga. Lunja alipanda mbio ngazi ya kwenda Mtaa wa Juu, akarudi mikono mitupu.

"Amesemaje?" mama aliuliza.

"Anasema laini ikitoa inadhoofika. Nimemwambia haipungui, mkono wa Uardia umebaki kwake. Akasema, 'Mkono ni mkono, binti yangu, laini ni laini.' Nikamwomba basi anipe huo uso niubebe. Anasema picha itamkatika. Uende ukatazame kwake, mlango uko wazi."

Mama aliyefiwa havuki kizingiti mpaka mwanawe azikwe. Dda Belaid alilijua hilo tangu utotoni. Nna Ferruja aliitazama ile ngazi kupitia dirisha, akasimama hata hivyo, akajitanda shuka. Mguu mmoja ulikuwa umeshavuka kizingiti sufuria ilipofunuliwa na takbira ya kwanza ikasikika. Alirudi kuketi.

Aliushika mkono, akausemesha taratibu kwamba hakumaanisha, arudi tu wakati wowote. Aliongea na mkono kwa sababu masikio yalikuwa Mtaa wa Juu. Kisha kaburi likaanza kufukiwa kule Montreal, vipande vikaanza kuingia udongo, na majirani wakasaidia kufagia.

Asubuhi Dda Belaid alikuja kutoa pole. Alipishwa mahali pazuri, akamiminiwa kahawa.

"Alikuwa ametulia kabisa," alisema. "Picha safi, haikukatika hata mara moja. Mwanao alikuwa amegeukia mlangoni kwangu muda wote."

"Ndevu alikuwa amenyoa, Dda Belaid?"

Dda Belaid alifikiri kidogo. Alisema hakumbuki, alikuwa akitazama huku anakula.

Nna Ferruja akamwongezea kahawa.