Mguu Uliokwenda Makambako

Dorosela alikuwa barazani kwake, pembezoni mwa mji wa Njombe, akimenya viazi, mguu wake wa bandia ulipojifungua mikanda, ukashuka ngazi na kushika barabara ya Makambako.

"Mguu wako unakwenda wapi?" aliuliza jirani yake, Fidelia.

"Karakana ya miguu, kulalamika," alijibu Dorosela. "Mimi nimekwenda mara nne."

Mguu ule ulikuwa mfupi kwa vidole viwili na ulimchubua kigutu kwa miezi saba. Ulitembea kilomita sitini. Njiani askari wa barabarani aliusimamisha kupisha malori ya mbao, kisha akauruhusu.

Kesho yake karakana ikapiga simu: mguu umesimama mlangoni, watu hawapiti. Dorosela akachukua magongo, akapanda basi.

Alimkuta fundi Elius pamoja na Filbert, mtathmini wa mradi uliogawa miguu ile, ameshika kishikwambi.

"Kamwene, mama," alisalimu Elius kwa Kibena, macho chini. "Tuliletewa saizi moja."

Filbert akaanza maswali. "Mguu unatembea?"

"Umetoka Njombe."

Akaweka tiki. "Bila msaada?"

"Bila wangu."

Tiki nyingine. "Kwa hiyo umeridhika."

"Sijaridhika. Andika kwamba ni mfupi na unaniumiza."

"Hapa hakuna nafasi ya maelezo, mama. Weka dole gumba tu."

"Dole langu silitoi."

Filbert akasubiri. Dorosela naye akasubiri, mpaka basi la Filbert likapiga honi. Filbert akaondoka bila dole.

Dorosela akaomba kalamu ya fundi, akaandika kwenye muundi wa plastiki: *Mfupi. Unaumiza. Dorosela Mgaya.* Kisha akakaa kwenye benchi, akakataa kunyanyuka mpaka Elius ampime upya. Elius alimpima vizuri, akaandika vipimo, akasema hajui atavipeleka kwa nani.

Ripoti ya Filbert ilitoka. Ilisifu ubora wa miguu inayojitegemea, ikapendekeza iletwe mingine mia mbili ya saizi ileile.

Kufikia Juni, miguu kumi na mmoja ilikuwa imesimama mlangoni, mmoja umetoka Manda, bado una mchanga wa ziwa. Kila Jumatano Dorosela alikuja kwa magongo, akaketi kando ya miguu hiyo, akawaandikia malalamiko wenye miguu wasiojua kuandika.

Karakana ikatoboa mlango wa nyuma ili wageni wa mradi wapite.

Dorosela akahamishia kiti chake huko. Miguu ikamfuata.