Kihoro cha Mama wa Kanazi

Tulikuta neno kihoro katika shairi, kipindi cha fasihi, Kidato cha Tatu. Nilikuwa na miezi mitano tu ya ualimu hapa Muleba, na sauti yangu ilikuwa bado haifiki madawati ya nyuma.

"Ni huzuni, Madamu," alisema Mujuni.

"Huzuni hukaa. Kihoro hukupiga ghafla, kabla hata hujalia," nikamjibu.

Hakuna aliyeandika. Ndipo nikawasimulia habari niliyoisikia kwa shangazi yangu, aliyeolewa Kanazi. Wazee watatu walikwenda kumwambia mama mmoja kwamba mumewe amezama ziwani, karibu na kisiwa cha Bumbire. Yeye akadhani ni wageni tu, akakaa kuwamenyea ndizi. Walipomwambia hakulia. Aliendelea kumenya, mkungu mzima.

Wachache walicheka. Nikashika chaki kama ndizi, nikatoa macho. "Zilipokwisha," nikasema, "akaanza kumenya maganda!"

"Maawe! Maganda!" Avit alipiga dawati. Darasa zima likaangua kicheko. Sikuwahi kuchekesha watu maishani mwangu, kwa hiyo nikarudia.

Msichana mmoja, Kokwijuka, alikuwa ameinamia daftari. Nilidhani anaandika.

Jioni alinikuta nikianua nguo nyuma ya nyumba za walimu. Alipiga goti, akaniamkia, kisha akasema, "Yule ni mama yangu."

Nikalitua gauni kwenye beseni.

"Haukuwa mkungu, Madamu. Ni ndizi moja. Alikuwa ameifikisha nusu walipomwambia. Akaimaliza, akaitia kwenye maji, akanawa mikono. Halafu akaniita nimshike."

Mkungu ulitoka kwa shangazi. Maganda niliyaongeza mimi, palepale ubaoni, kwa kuwa mkungu haukuwachekesha vya kutosha.

"Nisamehe, Kokwijuka. Kesho nitasimama mbele ya darasa niwaambie nilikosea."

"Usiseme, Madamu. Hawajui ni yeye. Ukiomba radhi watauliza, na Jumamosi anakuja kikao cha wazazi. Naomba tu wasimjue."

Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kuomba radhi, na yalikuwa mazuri. Niliona aibu kwamba yalikuwa mazuri.

Jumamosi mama yake alifika mapema. Ni mwanamke mwembamba, kitenge kimepigwa pasi. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Ndiye wewe Madamu wa Kiswahili? Huyu anasema ukieleza neno, linaeleweka."

"Bado najifunza, mama."

Alifungua mfuko, akanionyesha senene, wale panzi wa kuliwa, aliowakaanga. "Nimewaletea rafiki zake. Wako wapi niwasalimie?"

Kokwijuka alikuwa tayari amemshika mkono, anamvuta kuelekea viti vya nyuma kabisa. "Wako mbali, maama."

"Mbali wapi? Mwaka mzima nasikia Avit, Avit, nisimwone hata sura?"

Msichana akanitazama.

"Wana zamu jikoni, mama," nikasema. "Hawataweza kutoka."

Hawakuwa jikoni. Walikuwa upande wa pili wa ukuta, na sauti ya Avit tuliisikia sote watatu. Mama yule hakuijua, akatabasamu tu kusikia jinsi vijana wanavyocheka.

"Basi utawapa wewe," akasema, akinikabidhi mfuko. "Waambie umetoka kwa mama Kokwijuka."

Nikaupokea. Nikamwambia nitawaambia.