Pumzi Katikati ya Mstari

Chumba alichopewa kilikuwa cha kijana wa mwenye nyumba, aliyekwisha kukua akaenda zake. Kitanda kilikuwa kifupi, na kwenye rafu juu ya kichwa vilijipanga vikombe vidogo vya mpira wa miguu, vya timu za watoto. Kila asubuhi Chiriku aliamka akitazamwa na ushindi wa mtu mwingine.

Jina la Chiriku alipewa na mjomba wake kwa utani. Chiriku ni ndege asiyefunga mdomo, na yeye tangu utotoni alikuwa mtu wa "ndiyo" na "asante", basi. Sauti yake yote ilikwenda kwenye kuimba. Ndiyo iliyomleta huku, kwenye mashindano ya kimataifa ya uimbaji wa opera, ambako wenzake walikuja na mama zao, walimu wao, wachumba wao, hata mmoja na nyanya yake, aliyemshikia chupa ya maji kama anayebeba kichanga. Mjomba alikuwa aje naye, lakini goti lilimgomea siku za mwisho. Chiriku akaja na sanduku.

Waandaaji waliwagawa wageni kwenye nyumba za watu. Mwenye nyumba wake, mama mmoja mpole, alifanya kazi ya zamu kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, na walipishana kama jua na mwezi. Chakula alikikuta kimefunikwa kwa sahani, bado kina joto, mpishi hayupo. Ukuta ulikuwa mwembamba na jirani alikuwa na mtoto mchanga, kwa hiyo alipotaka kupasha sauti alifungua kabati la nguo, akaingiza kichwa katikati ya makoti ya yule kijana, akaimbia humo. Makoti yalimeza kila kitu. Hayakusema kama ameimba vizuri au vibaya.

Raundi ya kwanza alipita, kwa nyimbo mbili fupi na piano. Ya pili ndiyo iliyokuwa mlima: wimbo mmoja, na okestra nzima, na anayepita hapo anaingia fainali. Wake ulikuwa wimbo wa mama anayesimama mlangoni akimwita binti yake aliyeondoka bila kuaga. Ulikuwa na mstari mmoja mrefu, jina la binti likipanda polepole mpaka juu kabisa. Katikati ya mstari huo, kabla ya kilele, Chiriku alivuta pumzi. Mjomba, aliyemfundisha kwenye piano kuukuu ya shule, alikuwa akiinua mikono pale, wanatulia kidogo, kisha wanapanda pamoja. Kwake yeye wimbo ndivyo ulivyoandikwa. Aliujua kwa sikio kabla hajaweza kusoma noti, na unachokijua kwa sikio hukisomi tena.

"Usimwage sauti mazoezini," Mjomba alimwonya kwa simu. "Sauti si maji ya bomba. Imba nusu, nyingine weka akiba."

Ndivyo waimbaji wote wa opera wanavyofanya, lakini Chiriku alitii kupita kiasi. Mbele ya okestra alinong'ona. Walipofika katikati ya mstari mrefu alingoja kile kituo, na kituo hakikuja. Fidla zilipita moja kwa moja kama mto usiojua kwamba kuna mtu anataka kuvuka. Kwa kuwa alikuwa akinong'ona, pumzi ilimtosha, akafika juu pamoja nao bila mtu kujua kwamba moyo umemruka.

Mwongozaji wa okestra, mzee mwembamba mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alishusha mkono. "Mwendo uko sawa, binti?"

"Ndiyo. Asante."

"Hakuna unachotaka tubadilishe?"

Wapigaji wote walikuwa wakimtazama. Mmoja alikuwa akifuta tarumbeta yake kwa kitambaa, uso wake ukiomba chai.

"Hapana. Asante."

"Anayefuata!"

Alikwenda kukaa kwenye ngazi za nyuma na kufungua karatasi za wimbo. Aliutafuta ule mstari. Haukuwa na kituo. Noti zilikuwa zimefungwa pamoja, toka mwanzo hadi kileleni, chini ya upinde mmoja, alama ya kuimba bila kukata. Akapiga simu.

"Mjomba, pale kwenye mstari mrefu okestra haikusimama."

"Aa," Mjomba akasema. "Pale."

"Hapajaandikwa kituo."

"Hapajaandikwa, mwanangu. Ulianza wimbo ule ukiwa na kifua kama cha kifaranga. Nikawa nakungoja. Umekua, nami sijaacha. Hata nilishasahau kwamba nangoja."

"Kwa sauti kamili sifiki juu bila pumzi ile."

"Basi mwambie mwongozaji akungoje. Ndiyo kazi yake, hakuwekwa pale kufukuza nzi."

"Na watu wote wale?"

"Wee Chiriku! Ukumbi mzima unauimbia, mtu mmoja unashindwa kumsemesha?"

"Kuimba si kusema, Mjomba."

Mjomba alicheka kidogo, kisha akasema, "Lau si goti hili!"

Chiriku alikwenda. Mlango wa mwongozaji ulikuwa wazi nusu, na ndani watu walicheka kicheko cha wanaojuana zamani. Alisimama ukutani, akiipanga sentensi yake kama anayekunja nguo: Shikamoo Mwalimu, samahani, naomba kukusumbua. Alipofika kwenye "kukusumbua" alitoka mwimbaji mmoja wa sauti ya tatu, pande la mtu ambaye wote walimwita Jitu.

"Mbona umebandikwa ukutani kama tangazo? Ingia!"

"Ana wageni."

"Wageni gani? Mimi nimetoka kumwambia apunguze tarumbeta, zinanifunika. Mimi! Na mwili huu!" Alijipiga tumbo. "Kasema sawa, kaandika. Wewe una shida gani?"

"Nataka aningoje mahali."

"Kamwambie. Mficha uchi hazai, dada yangu."

Chiriku alitabasamu, akasema asante, akangoja Jitu apotee mwisho wa korido. Kisha naye akaondoka, kwa njia ya pili. Nyumbani alikula chakula chini ya vile vikombe, akijiambia labda kesho kifua kitampa zaidi. Alijaribu ule mstari ndani ya makoti. Kifua hakikumpa.

Kesho yake, siku ya raundi ya pili, ilimkuta nyuma ya jukwaa, kwenye giza lenye harufu ya vumbi na rangi ya mbao. Okestra ilikwisha kukaa. Mwongozaji alikuja akasimama kando yake, akirekebisha pindo la mkono wa shati, na Chiriku aliona kwamba sasa maji yamemfika shingoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti. Tayari?"

"Nahitaji pumzi." Sauti ilimtoka kali kuliko alivyokusudia. "Kwenye mstari mrefu. Katikati. Naomba uningoje."

Mzee alivaa miwani. "Jana ulisema sawa."

"Jana nilinong'ona."

"Nionyeshe wapi."

Alimwonyesha kwa kidole kwenye karatasi za wimbo alizoshika. Mzee alichungulia jukwaani, wapigaji wote wako vitini, ukumbi umenyamaza. "Nitakungoja," alisema. "Hawa siwezi tena kuwaambia ila kwa mkono. Watakaoniona, wataniona."

Aliimba. Sauti, iliyokaa kabatini siku zote zile, ilitoka nzima, na ukumbi uliipokea bila kuimeza. Mama alisimama mlangoni akaita. Mstari mrefu ulianza kupanda, na ulipofika katikati mkono wa kushoto wa mwongozaji ulinyanyuka, kiganja wazi. Fidla zilisimama. Chelo zikasimama. Chiriku alivuta pumzi, na kwa kitambo kile kidogo alikuwa nyumbani. Lakini tarumbeta, kule nyuma kabisa, macho kwenye karatasi, zilikwenda kama zilivyofanya mazoezi. Zilipanda bila yeye. Zilifika kileleni zikapiga noti yake, yeye akiwa bado njiani, na alipofika alizikuta zinashuka. Ilisikika kama watu wawili wanaogongana mlangoni, pita wewe, pita wewe. Kisha wote wakajikusanya wakamaliza wimbo vizuri. Watu walipiga makofi ya adabu.

Jioni majina yalisomwa. Jitu alipita, akanyanyuliwa na kaka zake wawili, jambo lililotaka ushujaa. La Chiriku halikusomwa. Alipiga makofi hadi viganja vikawaka, kwa sababu mikono ilihitaji kazi, kisha akasogea kando kuwapisha waliokuwa wakikumbatiana.

"Alikungoja?" Mjomba aliuliza kwa simu.

"Alingoja. Wengine hawakujua."

"Basi ni mimi niliyekuponza."

"Si wewe peke yako, Mjomba. Nami nilichelewa kusema." Hakuna aliyekata simu upesi.

Tamasha liliendelea bila yeye. Waliotolewa waliombwa waongeze nguvu kwenye kwaya ya onyesho la kufunga, wakichanganywa na wanakwaya wa mji ule. Wengi walikataa, wakaondoka na jamaa zao. Chiriku hakuwa na mtu wa kuondoka naye. Alipangwa sauti ya pili, kando ya mama mmoja mnene, fundi wa meno ya bandia, mwanakwaya wa tangu ujana. Karibu na mwisho sauti ya pili ilishika noti moja ndefu mno. Mwongozaji alipouliza kama kuna swali, mkono wa Chiriku ulipanda kabla mwenyewe hajaufikiria.

"Mwalimu, pale mwishoni pumzi haitoshi."

Kwaya nzima iliangua kicheko. Uso ulimwaka, lakini mkono hakuushusha.

"We mtoto," fundi wa meno alimnong'oneza, "nani kakwambia utabeba peke yako? Hapa tunapokezana. Wewe ukivuta, mimi nipo. Mimi nikivuta, wewe uwepo. Ila tusivute pamoja, tutaaibika."

Kwenye onyesho ukumbi ulijaa hadi juu. Noti ndefu ilifika, na Chiriku aliishika kwa sauti yote mpaka kifua kikaisha. Akafunga mdomo. Alitega sikio kusikia pengo, kama ulimi unavyolitafuta jino lililong'oka, na pengo halikuwepo. Sauti ilikwenda mbele, nzima, nene, kana kwamba yeye hajawahi kuwamo. Hakujua kama afurahi au alie. Alivuta pumzi polepole, kwa nafasi, asiharakishwe na mtu, kisha akarudi ndani ya sauti ya wote.