Taa ya Kukimbilia Alfajiri

"Sasa Suhaila atakimbia na nani?"

Kazija, jirani yangu, aliniuliza hivyo siku tulipomaliza khitma ya mume wangu. Hakuwa na ubaya. Kwa miaka miwili Rajab, Mwenyezi Mungu amrehemu, akitoka kusali alfajiri alikuwa akimfuata binti yetu kwa baskeli, binti mbele, yeye nyuma, taa ya baskeli ikimmulikia njia mpaka kupambazuke. Sasa yeye yuko kaburini na mimi nimo edani, miezi minne na siku kumi, kizingiti sikivuki bila dharura. Mashindano ya mbio ya uwanja wa Gombani yalikuwa yamebaki wiki tano.



Suhaila akaanza kukimbia peke yake gizani, asiniambie. Nililijua hilo kwa sala yake. Nilimwona anasujudu kwa upande, nikamwambia afunue goti. Kidonda cha kokoto, kimeshatunga usaha. Akasema barabara anaijua kwa miguu, ila shimo jipya hulijui mpaka uliangukie.

Nikamtuma Kazija mjini Chake Chake aniletee taa za kichwani nizichague mwenyewe. Mwenye duka alimwamini, akampa tatu, zisizofaa azirejeshe. Mchana huo nilifunga madirisha ya stoo, nikatawanya vifuu vya nazi sakafuni, nikamwambia mtoto apite humo mbio.

Ya kwanza ilikuwa kama wanazovaa wavuvi wa usiku wa Wambaa, betri yake kisogoni. Ilimulika mpaka buibui wa darini, lakini kila hatua ilidunda na kumvutia ushungi machoni. Kazija akasema mwenye taa hiyo anatafuta pweza, hatafuti medali. Ya pili nyepesi, ila mwanga wake doa moja tu, mbali huko. Vifuu vya miguuni alivikanyaga vyote. Ya tatu mwanga wake umetandazika, na unaweza kuiinamisha. Hakukanyaga hata kimoja. Kasoro yake mkanda uliteleza juu ya kitambaa. Nikashona vitanzi vinne kwenye kikofia chake cha ndani, mkanda ukapita humo, ushungi ukaja juu.

Kisha nikasimama mbele yake kama mtu anayekutana naye njiani. Niliona mwanga tu; uso wa mwanangu sikuuona, wala mpita njia asingeuona. Nikamwambia Kazija arejeshe zile mbili.

Alfajiri ya pili yake, Msellem, ndugu mdogo wa marehemu mume wangu, alitoka msikitini akaja moja kwa moja barazani kwetu, akaketi mlangoni. Mimi nyuma ya pazia, yeye nje. Alitusalimia, akaniuliza hali, akaomba dua. Halafu akasema watu wameanza kusema: nyumba ina msiba, na binti anataka kutoka na taa kichwani kama pikipiki. Alitaka Suhaila akae ndani na mimi mpaka eda iishe, mbio zitazamwe baadaye. Si mtu mbaya Msellem. Tangu msiba unga na mchele vinatoka kwake, na yeye ndiye atakayemuoza mtoto huyu. Sikutaka kumuudhi.

Suhaila alikuwa amesimama pembeni yangu, taa keshaivaa, ananitazama mimi.

"Shemeji," nikasema, "eda ni yangu. Mtoto siku zake tatu za msiba alishakaa."

"Na akifikwa na jambo huko, Bi Mwanawema?"

"Babake alimruhusu yu hai. Mimi nimemtafutia taa, nimeijaribu kwa macho yangu. Lililobaki ni la Mungu."

 Nilisikia tasbihi yake ikipita vidoleni, punje moja moja, polepole. Nikangoja iishe. Haikuisha, na nje kulikuwa kunakaribia kucha.

Nikaiinamisha taa ya mwanangu isimpige ami yake machoni, nikamfungulia pembe ya pazia. Msellem akaikunja miguu aliyokuwa ameinyoosha mlangoni, akampisha. Suhaila akampita, akatoka mbio.