Ukurasa wa Kumwombea Nyamusi

Mimi ule ukurasa niliuweka kwa mapenzi, na mtu asiniambie vingine. Binti yangu Nyamusi alichanganyikiwa akili akiwa chuoni, nikamwomba Cephas, mwenye saiba, duka la kompyuta na intaneti hapa Suna, atuwekee mtandaoni picha yake, ugonjwa wake na maneno, "Tumwombee Beverlyne Nyamusi." Watu wakaomba, akapona. Sasa anafundisha chekechea kule Magunga.

Juzi mzazi mmoja akatafuta jina la mwalimu kwa simu. Kilichotokea kwanza ni ukurasa wangu.

"Mama, utoe," Nyamusi akaniambia. "Mwalimu mkuu ameniita."

Nikaenda kwa Cephas mbio. Akauliza kama aufute.

"Usifute! Mle ndani kuna maombi aliyoandika marehemu baba yake. Ufiche tu, mtu akitafuta jina asiupate."

Akaweka alama ya kuuficha. "Sasa Mama Nyamusi, tungoje ile mitambo ya kutafuta ipite tena, isome alama."

"Inapita lini?"

"Haisemi."

Na ofisi yake iko wapi nikaipigie kelele? Eti haina. Hata chifu anayenikimbia ana mlango wa kubisha, jamani.

Basi nikafanya ninachojua. Sabato nilisimama kanisani nikawaomba akina mama tuombe ukurasa upotee. Nao, Mungu awabariki na awasamehe, wakautuma kwenye vikundi vya WhatsApp, ili kila anayeomba ajue anaombea nini. Ukafika Rongo, ukafika Homa Bay, ukaingia kikundi cha wazazi wa Magunga.

Nikamwambia Cephas afute vyote, hata maneno ya mume wangu. Akafuta. Lakini ukitafuta, jina bado linatokea na kapicha kake. Ukibonyeza, ndani hakuna kitu. Maombi yameenda, aibu imebaki.

Shule ikamwambia Nyamusi apumzike kwanza nyumbani.

Jana alinipigia. Amepata shule nyingine Ndhiwa, na ameenda kwa wakili kubadilisha jina. Atakuwa Beverlyne Mokaya, kwa jina la baba yake. Jina la Nyamusi ameliondoa.

Nyamusi ni mama yangu. Alikufa kabla mtoto hajazaliwa, ndiyo tukampa jina lake, na mimi sijawahi kumwita kwa lingine. Nilitaka kukataa. Ningemwambia nini, na ni mimi niliyeliandika pale?

"Mama, uko?" akauliza.

"Niko," nikasema. "Sawa, Beverlyne."