Mkanda wa Kwanza

"Taratibu, Mzee, usije ukaukata," binti alisema, maana Bosi alikuwa akiuvuta ovyo mkanda mkongwe wa muziki kutoka kwenye boksi alilolishusha rafuni.

Rafu mbili za mikanda na chumba kimoja chenye magodoro ukutani ya kuzuia kelele: ndiyo kampuni yake yote ya santuri iliyobaki. Enzi zake alikuwa mkurugenzi, fundi mitambo na mfagizi, mtu yuleyule mmoja. Wanamuziki walianza kumwita Bosi kwa utani, jina likamganda.

Binti huyu alizaliwa na mwimbaji wake wa kwanza. Mama sasa yuko hoi kitandani, sauti imekauka kabisa, na jana aliandika kwenye karatasi: Nenda kwa Bosi. Nataka kujisikia nikiimba. Wimbo wake haukuwahi kufika kiwandani ukawa santuri. Lakini kila walipokutana sokoni, miaka nenda miaka rudi, Bosi alimwambia, "Dada, mkanda wako upo. Nautunza kama mboni ya jicho."

Upo, ndiyo! Jina la mama kwenye boksi limefutwa kwa kifutio, juu yake pana jina la bendi ya vijana. Mwaka waliporekodi vijana hao mikanda iliadimika, na wenye kampuni ndogo wote walirekodi nyimbo mpya juu ya za zamani. Bosi alijua. Miaka yote hiyo alijua, mnafiki mkubwa, na leo aliomba tu awe amekosea boksi.

Mashine ikazunguka. Yakalia magitaa ya vijana.

Binti alishika simu, tayari kunasa. "Mama anaingia wapi?"

"Haingii, mwanangu. Nilirekodi juu yake."

"Sasa mimi nikamwambie nini?"

 Bosi aliona aibu hata ya kukaa. Vijana wakamaliza, mkanda ukaendelea kukwaruza mtupu kidogo. Mara ikatokea sauti ya mama, kipande cha mwisho ambacho wimbo mfupi wa vijana haukukifikia: neno moja, refu, kisha akahema, akacheka, akauliza:

"Bosi, imeingia?"

"Imeingia, dada," akajibu mkandani kijana mwenye majivuno, Bosi mwenyewe wa enzi zile. "Haitoki tena."

Ncha ya mkanda ikachomoka, ikawa inapigapiga mashine. Binti alitazama simu yake. Hakuwa ameibonyeza.

"Rudisha," akasema, machozi yakimtoka.

Bosi akarudisha. Safari hii aliweka kidole juu ya kitufe, azime kabla yule kijana hajajibu.